Mlango wa Wodi ya Nane

Wodi ya Nane ilibomolewa mwaka ule wakubwa wa hospitali walipopata magari mapya wakakosa pa kuyaegesha. Seremala wa hospitali aliing'oa milango yake kwa mikono yake mwenyewe, akasimama pembeni katapila likisaga kuta, akaona lami ikimwagwa. Ilikufa ikazikwa. Lakini kwenye kompyuta haikufa. Huko iliendelea kuwa na vitanda ishirini, na wagonjwa hawakuisha.

Kompyuta hiyo wafanyakazi waliiita "mfumo", wakiitaja kama jina la mtu anayeogopwa. Ulipoletwa ulikuwa wa kuandikisha wagonjwa tu, basi. Mkurugenzi wa kwanza akaunganisha jiko. Wa pili akaja na dobi wake. Wa tatu akatia stoo, famasi na zamu za wauguzi. Kila aliyekuja alibandika lake juu ya la mwenzake, akapigiwa makofi, akahamishwa. Wa kupunguza hakutokea, maana ukipunguza hakuna utepe wa kukata.

Na waliouanza walikuwa wameupanga hivi: mgonjwa asiyeandikiwa kitanda apelekwe Nane, kwa kuwa enzi hizo Nane ndiyo iliyokuwa wodi ya kupokelea. Basi kila siku jiko lilipakua sahani za Nane, dobi akakunja mashuka ya Nane, na matoroli yakasukumwa hadi kwenye korido ya chini, pale ulipokuwa mlango zamani. Yakaachwa hapo. Nesi akipungukiwa shuka alijua pa kuteremka. Chakula kililiwa na walinzi, madereva, na seremala naye. Mtu akichelewa kazini walisema, "Huyo kalazwa Nane." Miaka sita seremala aliucheka utani huo, mdomo umejaa.

Halafu akaletwa mkewe.

Aliletwa asubuhi, damu inamtoka haizuiliki. Vitanda vimejaa, wakamlaza kwenye machela koridoni, ghorofa ya pili. Hakuandikiwa kitanda, kitanda chenyewe hakikuwepo. Damu ya kumwongezea ilipatikana, na hilo ndilo lililomkaa seremala kooni mpaka leo: ilipatikana. Maabara waliitoa upesi, mhudumu akaisoma karatasi, "Wodi ya Nane", akateremsha kisanduku cha barafu chenye damu hiyo na kukiacha kwenye toroli, katikati ya mashuka na sahani. Juu, nesi anapiga simu maabara hadi sauti inamkauka.

"Damu bado?"

"Dada, tumeshatoa. Mfumo unaonyesha imepokelewa."

Mfumo ulionyesha hivyo kwa kila kitu cha Nane. Mtu fulani aliamua zamani kwamba cha Nane kihesabiwe kimepokelewa hata kama hakuna aliyetia saini, ili jiko lisikwame. Alasiri mlinzi alikwenda kuchukua sahani yake, akakikuta kisanduku. Huko juu, mama watoto wa seremala alikuwa ameshakata roho.

Seremala aliishia darasa la nne, lakini barua aliiandika mwenyewe. Hakudai fidia, hakutaka mtu afukuzwe. Alitaka Nane ifutwe kwenye mfumo. Barua ikazungushwa miezi saba, kila meza ikiigonga mhuri na kuisukuma mbele, mpaka akachoka kungoja, akaenda kwenye chumba cha mashine za kompyuta, ambako mama wa makamo aliyeutunza mfumo, waliyemwita Mama Mfumo, alikuwa peke yake kati ya nyaya.

"Karibu, Fundi. Najua kilichokuleta."

"Kama unajua nijibu. Mimi mlango ukioza naung'oa. Wewe Nane inakushinda nini?"

"Wewe ukiung'oa mlango, paa linabaki juu." Alivua miwani. "Niliifuta siku moja, Jumapili. Famasi ikagoma. Mochwari ikagoma. Wagonjwa mia mbili wakaonekana wameruhusiwa kwenda nyumbani, na wamelala pale pale na dripu zao. Nikairudisha upesi. Kila kitu kimeshikizwa kwenye hiyo Nane, Fundi, na walioshikiza wameondoka, hawakuacha hata karatasi."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Si basi. Nipewe watu watatu na miezi sita, naifumua uzi mmoja mmoja. Mwaka wa nne huu naomba. Wananijibu kwa kuniongezea: sasa wanataka mfumo uhesabu na magari yao."

"Uliwaambia kwamba mtu amekufa?"

Mama Mfumo alimtazama usoni. "Niliwaambia kabla hajafa."

Seremala alitoka bila kuaga.

Wiki ile ile akaitwa ofisi ya mkurugenzi. Zulia, kiyoyozi, soda mezani.

"Mzee wangu, kwanza pole tena. Pili, tumepata ufumbuzi." Mkurugenzi alitabasamu kama mwenye zawadi. "Utatuchongea kibao. Mbao nzuri. Uandike 'Wodi ya Nane', ukipigilie kwenye mlango wa stoo ya mafagio, pale chini. Vitu vinapelekwa Nane? Haya, Nane ipo. Malalamiko yako tumeyafunga."

Seremala alidhani hakusikia vizuri. "Mkuu, mnajenga wodi ili kompyuta isiumbuke?"

"Mzee, usitie chumvi."

"Na humo atakaa nani?"

Mkurugenzi aligeuza skrini ili naye aone. "Nane ina wauguzi sita. Nikiomba wa saba, wakubwa zangu watanishangaa."

"Hao sita wako wapi?"

"Si hawa hapa," alisema mkurugenzi, akigusa kioo kwa kalamu.

Kibao alikichonga, na hasira zote zikaishia kwenye patasi. Akakiegemeza ukutani siku tatu hakigusi. Siku ya nne shemeji yake, mdogo wa marehemu, mpishi wa pale pale hospitalini, aliingia karakana na aproni yake.

"Shemeji, usije ukakitundika. Ukikitundika umewasafisha. Watasema Nane ipo, na dada yangu alikufa kwa bahati mbaya."

"Najua."

"Kivunje, tukakokee moto jikoni."

"Leo umepakua sahani ngapi za Nane?"

Shemeji alikunja ncha ya aproni. Kisha akasema, taratibu, "Saba."

Wote wawili walitazama juu bila kukusudia. Saba walikuwa huko, kwenye machela, bila kitanda.

Jioni kibao kikapanda mlangoni. Asubuhi yake seremala aliyatupa mafagio nje, akaingiza meza yake, randa, misumeno na gundi. Walipomuuliza, alijibu kwamba karakana inavuja. Toroli likija, aliacha kazi, akapekua. Shuka na sahani zisubiri. Kisanduku cha barafu alikikamata na kupanda nacho ngazi, akilitangaza jina lililoandikwa ghorofa baada ya ghorofa, vumbi la mbao linamdondoka kichwani, mpaka mtu aitike. Mwezi ule alikimbiza visanduku kumi na vinne. Mgonjwa mmoja tu alimkosa, akamkuta ameshakufa, kwa kuanzia ghorofa ya tatu badala ya ya kwanza. Huyo jina lake alilijua kwa moyo.

Mkurugenzi alimletea barua ya pongezi. Aliitumia kukorogea gundi.

Ndipo Mama Mfumo akateremka, akasimama chini ya kibao, karatasi mkononi.

"Wamenijibu," alisema. "Wale watu watatu nimenyimwa. Wameandika kwamba Nane siku hizi inafanya kazi vizuri, hakuna haja ya kuigusa. Unaelewa umefanya nini, Fundi? Ukiendelea kukimbia, haitafutwa milele."

"Naelewa."

"Basi acha. Wiki moja tu. Waone."

"Nani atakayewaonyesha? Nani huko juu afe ili waone?"

Toroli lilikuwa linakuja, gurudumu moja linapiga kelele. Seremala alinyanyua shuka la juu, akakuta kisanduku, akaisoma karatasi polepole kwa kidole. Jina la mwanamke.

"Huyu yuko ghorofa gani?"

"Mfumo hauonyeshi," alisema Mama Mfumo.

"Haya, nipishe. Mimi naanzia ya kwanza, wewe anzia juu."