Kitunguu Saumu Kwenye Tambiko

Nianze na kiapo, maana najua ninavyosemwa kijijini. Haya yote ni kweli, kweli isiyotiwa maji. Mimi mwenyewe nilikuwa wa tatu kwenye mstari wa wanaume, na magoti yangu ni shahidi. Yale ambayo sikuyaona niliambiwa na binamu yangu Gitaek mbele ya bakuli la pombe ya mchele, na Gitaek akilewa hawezi kudanganya, hana akili hiyo. Nikikutwa na uongo hata wa punje moja, tambiko lijalo nitavaa aproni, nikae sakafuni na wanawake, nikaange jeon tangu asubuhi. Anayewajua wanaume wa ukoo wa Nam anajua hicho ni kiapo cha uzito gani.

Haya.

Gitaek ni mwana wa kwanza wa mwana wa kwanza, mpaka huko juu kusikojulikana. Kwa hiyo tambiko la babu hufanyika kwake, kila mwaka mwezi wa kumi wa mwandamo, wakati miti ya persimoni imebakiwa na matunda machache ya kuwaachia ndege. Kufanyika kwake maana yake ni kwamba yeye huvaa joho na kusujudu, na mkewe Malsun hupika. Hupika siku mbili mfululizo: supu, mboga za rangi tatu, samaki mzima, na zile jeon, vipande vya samaki na maboga vinavyochovywa kwenye unga na yai na kukaangwa mpaka mgongo ukatae kunyooka. Wanaume hula kwanza, ukumbini. Wakishashiba, wanawake hula kilichobaki jikoni, kwenye kimeza kilichobanwa kando ya jokofu la kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha. Kimeza hakitoshi, kwa hiyo mmoja wao hula amesimama.

Jina lenyewe la Malsun lilikuwa ombi: huyu msichana awe wa mwisho. Mama yake alikuwa ameshazaa mabinti watatu, akampa huyu wa nne jina hilo ili mlango wa mabinti ufungwe. Ukafungwa kweli, na wa wavulana ukafungwa pamoja nao. Mume akafa mapema. Bibi yule akawalea wote wanne kwa kuuza chipukizi za soya sokoni Yeongcheon, na alipofariki hakuacha mtoto wa kiume wa kumtambikia. Binti aliyeolewa, kwetu sisi, ni wa ukoo wa mumewe.

Sasa sikiliza alifariki lini. Siku ileile ya tambiko la babu, mchana, Malsun akiwa na unga mpaka viwikoni. Dada yake akapiga simu ya Gitaek. Gitaek akatoka uani kupokea, akarudi ameshika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto, akamnong'oneza Baba Mdogo Jongpil, msimamizi wa matambiko ya ukoo wetu.

"Kifo cha nje hakiingii ndani mpaka meza ya mzee iondoke," Baba Mdogo akasema. "Tia mfukoni."

Gitaek akatia mfukoni. Malsun akakaanga, akapakua, akaosha vyombo vyote. Ndipo mumewe akamjia na uso wa msiba akasema simu imelia sasa hivi. Alipofika Yeongcheon mama yake alikuwa ameshaingizwa kwenye jokofu la hospitali, na dada yake ameketi peke yake kwenye benchi.

Hakuuliza kitu. Tangu siku hiyo hakuuliza, na Gitaek alianza kuamini kwamba hakuna cha kuulizwa.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya tambiko, Malsun alimfuata Baba Mdogo uani, amebeba beseni la kabichi kiunoni.

"Baba Mdogo, nina ombi. Mama yangu siku yake ndiyo hiyohiyo ya babu. Nataka kibakuli kimoja cha wali, pembeni."

"Pembeni pa nani?"

"Pa babu. Mwishoni mwa meza, karibu na mlango. Hana atakayemlisha."

Baba Mdogo alicheka kwa pua. "Yaani muuza chipukizi aketi meza moja na mzee wa Nam? Hata wafu wana adabu zao, mkwe. Mzimu wa nje haukai mezani petu. Gitaek, mwambie mkeo."

Gitaek alikuwa anatazama viatu vyake. "Baba Mdogo ameshasema," alisema.

"Sawa, Baba Mdogo," Malsun akasema, akainua beseni lake akaondoka.

Sawa ya mwanamke aliyekaanga jeon za watu miaka thelathini ni ya kuogopa. Nani kati yetu alijali? Tulikuwa tunazungumzia bei ya ng'ombe.

Siku ikafika. Zamani tambiko lilikuwa usiku wa manane, lakini siku hizi vijana wanataka kurudi mjini Daegu wakalale, basi tunaanza jua linapozama. Tukapanga mstari ukumbini, wakubwa mbele.

Lazima ujue sheria ya nyumba hii. Picha ya babu hukaa ndani ya kijikabati cha mbao chenye milango miwili, juu ya meza ya matoleo. Gitaek huifungua hiyo milango kichwa chini, na hakuna anayeinua macho mpaka mzee ale ashibe. "Kumtazama mkubwa anapokula ni kuhesabu matonge yake," Baba Mdogo alitufundisha tangu utotoni, kwa fimbo. Kwa hiyo sisi Nam tunamjua babu kwa magoti, kwa sura hatumjui sana.

Gitaek akafungua milango, kichwa chini. Akawasha ubani. Tukasujudu mara mbili. Paji la uso la Gitaek lilipogusa mkeka ndipo harufu ilipomjia.

Kitunguu saumu.

Akadhani ni mikono yake. Akainusa. Siyo. Harufu ilitoka juu, mezani, nene, ya supu iliyotwangiwa kichwa kizima. Mtu mzima yeyote anajua kwamba mizimu haigusi kitunguu saumu wala pilipili. Unapika hivyo ukitaka kumfukuza mzee, hupiki hivyo kumkaribisha. Gitaek akaibia jicho mpaka ukingo wa meza, asizidi hapo. Supu ilikuwa nyekundu kama koti la zimamoto. Na kwenye sahani ya matunda, penye peasi, palikuwa na mapichi matatu manene yenye manyoya. Mapichi! Tunda ambalo mizimu hulikimbia kama paka anavyokimbia maji.

Aseme? Kusema katikati ya tambiko ni kosa kubwa kuliko pilipili. Akamtupia jicho Baba Mdogo. Pua ya Baba Mdogo iliuawa na sigara zamani, na macho yake yalikuwa sakafuni yanalia, kama kila mwaka.

Wakamimina kikombe cha kwanza. "Ewe Baba mtukufu," Baba Mdogo akaimba kwa sauti ya kutetemeka, "sisi uzao wako, wasiostahili kufuta vumbi la viatu vyako, tunakuletea chakula hiki duni." Kikombe cha pili. Kikombe cha tatu. Kila kikombe tukasujudu mara mbili. Gitaek akachomeka kijiko kwenye wali, jasho likimchuruzika ndani ya joho. Kisha, kama desturi, tukatoka barazani tukafunga milango ili mzee ale kwa faragha.

Gitaek akaenda mbio mpaka mlango wa jikoni. Akatokea Mama Eunsol, mke wa mdogo wake, mwanamke mwenye mdomo kama kisu cha kabichi.

"Shemeji," Gitaek akanong'ona, "supu ina pilipili."

"Ina nini?"

"Pilipili! Na kitunguu saumu!"

"Basi anayekula ataifurahia," Mama Eunsol akasema, akafunga mlango.

Lakini kabla mlango haujafungwa Gitaek alikuwa ameona moshi ukitambaa chini, na haukuwa moshi wa mafuta. Jikoni kulikuwa kunanukia ubani.

Nyuma yake Baba Mdogo akakohoa mara tatu, kama inavyopasa kabla ya kumkatiza mzee mezani. Milango ikafunguliwa. Sasa ndiyo ruhusa ya kuinua macho. Baba Mdogo akainua uso wake wenye machozi akasema kwa upole, "Baba, umeshi..."

Neno halikuisha.

Ndani ya kijikabati hapakuwa na mzee mwenye masharubu na kofia ya manyoya ya farasi. Palikuwa na bibi kizee wa kitambaa kichwani, mwenye meno mawili, anayecheka mpaka macho yamepotea, na mkononi ameinua fungu la chipukizi za soya kama anatuuzia.

Meno ya bandia ya Baba Mdogo yalidondoka ndani ya kikombe cha tatu. Chubwi! Wanaume kumi na mmoja tukakodoa macho. Mtu nyuma yangu akaanza kwikwi. Picha, nakuambieni, ilizidi kucheka.

"Nani..." Baba Mdogo akavua meno kikombeni, akayarudisha kinywani, akaanza upya. "Nani huyu?"

"Mama yangu," Malsun akasema. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha ukumbi na aproni yake, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga tambiko likiendelea. "Anaitwa Bibi Pyo Geumdong. Mmemmiminia vikombe vitatu na mmemwita mtukufu. Asanteni."

"Tumemsujudia muuza chipukizi!"

"Mara nane, Baba Mdogo. Na ulilia vizuri."

"Baba yangu yuko wapi?" Sasa sauti ya mzee ilikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. "Mmemtupa wapi baba yangu?"

"Hajatupwa. Yuko jikoni, anakula."



"Jikoni!"

"Kwenye kimeza chetu. Chakula chake nimekipika kwa sheria zote, hakina pilipili, kijiko kimechomekwa kwenye wali. Mahali pale ndipo ninapokula mimi kila mwaka, na hakuna aliyewahi kuniambia ni pabaya."

Baba Mdogo akamgeukia Gitaek. "Funga hicho kijikabati! Zima ubani! Tambiko limeharibika, tawanyikeni!"

"Limebaki la kumuaga," Malsun akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipopasuka kidogo. "Kusujudu mara mbili tu. Asipoagwa hatoki, atasimama hapo mlangoni na aibu yake. Mimi ningemuaga. Lakini ninyi mlinifundisha kwamba binti aliyeolewa hahesabiki. Basi niambieni nani anahesabika."

Akamtazama mumewe. Gitaek alitamani sakafu impokee.

"Ile simu," akasema. Hakujua kwa nini alianzia hapo. "Mwaka ule. Ile simu..."

"Dada alipiga mchana. Ukaniambia usiku." Malsun alisema kama anayetaja bei ya radishi. "Alinieleza siku ya mazishi. Miaka sita nimekupikia nikijua."

Gitaek aliniambia kwamba picha haikumshtua, wala supu, wala babu kukaa jikoni, kama lile neno *nikijua*. Miaka sita! Kila kifungua kinywa. Kila soksi iliyokunjwa. Alidhani amezika kitu, kumbe alikuwa amekikalia mbele ya mwenyewe.

"Gitaek," Baba Mdogo akasema, "ukiinama, wewe si mkuu wa nyumba hii."

Gitaek akasogea mbele. Akainua uso, akamtazama yule bibi machoni, kitu ambacho Nam hafanyi.

"Mama," akasema, "nilikutia mfukoni. Nisamehe." Akasujudu mara mbili, taratibu, mpaka chini.

Sijui magoti yangu yaliamriwa na nani, lakini yalishuka. Na ya jirani yangu. Na ya yule wa kwikwi. Akabaki Baba Mdogo peke yake amesimama, mrefu kama mlingoti.

"Baba yako anasubiri, Baba Mdogo," Mama Eunsol akapaza sauti toka jikoni. "Wali unapoa, na kijiko kimesimama."

Mzee alipigana na nafsi yake kwa muda. Kumwacha babu bila kuagwa hawezi. Kuingia jikoni hajawahi, tangu azaliwe, hata kutafuta maji. Mwishowe akaenda mpaka mlangoni pa jikoni, akanyoosha joho, akakohoa mara tatu.

"Karibu," wanawake wakaitika. "Vua viatu, tumepiga deki."

Akasujudu kati ya sinki na jokofu la kimchi, na alipoinuka alikuwa na ganda la kitunguu saumu limebandika katikati ya paji la uso. Hakuna aliyemwambia. Kisha tukala wote mlemle, na kwa kuwa kimeza hakitoshi, mmoja alikula amesimama. Alikuwa Baba Mdogo. Aliongeza ile supu nyekundu mara mbili bila kumtazama mtu.

Hapo ndipo hadithi ilipaswa kuishia, na ningekuwa nimelala salama. Lakini juzi niliisoma kwa sauti kwenye ukumbi wa wazee wa kijiji, na Mama Eunsol alikuwa amekuja kuleta chai ya shayiri. Akasikiliza mpaka mwisho, trei mkononi.

"Shemeji," akasema, "meno kudondoka ni kweli, niliyasuuza mimi. Ganda la kitunguu ni kweli. Lakini mapichi? Mwezi wa kumi? Uliyachuma wapi, mwezini?"

"Ya kopo," nikasema haraka.

"Ya kopo yenye manyoya? Matunda nilipanga mimi. Peasi, persimoni, njugu. Umeapa au hukuapa?"

Ukumbi mzima wa wazee ukapiga meza. Baba Mdogo Jongpil alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kwa hiyo naandika mistari hii ya mwisho na kidole kilichofungwa bandeji. Leo ni tambiko tena, na tangu asubuhi niko sakafuni kwa Gitaek, aproni ya maua tumboni, upande mmoja Malsun, upande mwingine Gitaek mwenyewe akichovya maboga. Mbele yetu kuna milima miwili ya jeon, kwa meza mbili. Mgongo wangu umekataa kunyooka, na Mama Eunsol ananiambia kwa mara ya nne kwamba samaki nawageuza mapema mno.