Rubani Aliyekataa Kuruka

Kilichomwondolea Mama Cherehani raha ya safari kilikuwa peremende moja ya mnanaa.

Walikuwa angani, yeye na mumewe, ndani ya ndege ndogo ambayo kila abiria alikuwa na dirisha lake. Kitindamimba wao ndiye aliyewatunukia safari ile: Jumamosi kuruka juu ya ziwa na maporomoko, kulala nyumba ya wageni huko mlimani, Jumapili kurudi. "Mmetulea vya kutosha, sasa nendeni mkatembee," aliwaambia. "Na wewe baba, huko hakuna usukani. Tulia."

Maana baba mtu alikuwa dereva wa basi la shule tangu kichwa chake hakijaota mvi. Watoto walimwita Babu Honi, kwa ile honi yake ya kila asubuhi, moja ndefu na mbili fupi. Hata mtoto aliyechelewa kuvaa viatu alijua hataachwa.

Rubani, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliinamisha bawa kidogo na kusema, "Maporomoko hayo, kushoto kwenu." Watu wakashangilia. Bwana Mbao, mfanyabiashara wa mbao mwenye mwili wa miraba minne na mkono usiojua kubana, akapitisha kopo la peremende. Akalinyoosha ubavuni mwa Babu Honi. Babu Honi akatazama mbele tu. Kopo likasogea hadi karibu na shavu lake. Bado akatazama mbele.

"Mzee ananiringia!" Bwana Mbao akacheka.

Mama Cherehani akalipokea kopo na kuliweka mbele ya pua ya mumewe. Hapo mzee akashtuka. "Ah, peremende! Asante, bwana."

Moyo wa mama yule ukaruka kama sindano butu inavyoruka mshono. Akaanza kukumbuka. Glasi zilizokuwa zikianguka kila mumewe akinyoosha mkono. Bega lililogonga mlango. Na ule mchubuko ubavuni mwa basi, ambao mumewe aliuelezea kwa mzaha, "Geti limehama," nyumba nzima ikacheka. Naye alicheka. Chini kulikuwa na maji meupe yakimwagika kutoka kwenye jabali, uzuri wa kumtoa mtu machozi, lakini yeye hakuyaona tena.

Walipofika nyumba ya wageni, alisubiri mpaka wakawa peke yao barazani. Akasimama ubavuni mwa mumewe, akainua kibweta cha nyuzi.

"Nimeshika nini?"

Babu Honi alianza kugeuza shingo.

"Usigeuke. Nimeshika nini?"

Mzee akairudisha shingo mbele. Kisha akasema, "Mbele naona vizuri. Hata kidole chako kilichochomwa na sindano nakiona."

"Watoto hawatokei mbele, mume wangu. Wanatokea pembeni."

"Punguza sauti."

"Tangu lini?"

"Imekuja polepole. Nimalize muhula huu tu, kisha nitakwenda kwa daktari wa macho. Nakuahidi."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu watoto wananisubiri." Akagusa mfuko wa suruali, alimoweka ufunguo wa basi, hata safarini hakuuacha. "Nikiutoa huu, mimi ni nani? Honi isiyo na gari."

Mama Cherehani alimwekea shuka begani, kwa sababu kulikuwa na baridi, na kwa sababu mikono yake ilihitaji kufanya kitu.

Jumapili kulipambazuka anga safi kama sahani iliyooshwa. Abiria walikusanyika kwenye kiwanja cha ndege, kwenye kibanda cha bati chenye mizani ya kupimia mizigo. Bibi harusi na bwana harusi, waliokuwa kwenye fungate, walikuwa wakibishana kwa mahaba ni nani aliye mzito. Rubani akaja, pua nyekundu, akasimama mbele yao.

"Ndugu zangu, mtanisamehe. Leo sirushi ndege. Nimeamka na mafua, masikio yameziba. Mnaniona mzima, lakini kule juu siwezi kujiamini. Leo sifai. Nimeshampigia mwenzangu, atawafuata kesho asubuhi."

"Mafua?" bwana harusi akapaza sauti. "Mafua tu? Si upige chafya hukohuko juu?"

"Binti yangu," Bwana Mbao akasema, "mimi kesho alfajiri nina lori linapakiwa. Meza kidonge twende zetu."

"Vidonge vingine vinaleta usingizi, baba."

"Basi hii kazi si yako! Ungekaa nyumbani!" Bwana Mbao akafoka.

Rubani hakujibu ukali kwa ukali. Aliingia kibandani, akatoka na kiti chake mwenyewe, akakiweka kivulini kwa ajili ya Mama Cherehani, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. "Kaa, mama." Macho yake yalikuwa na maji, na si ya mafua peke yake.

Ndipo Bwana Mbao alipojipiga paji la uso. "Jamani! Nyumba ya wageni ina gari la abiria. Dereva wake ndiye hayupo leo." Akageuka. "Na sisi tuna nani hapa? Mzee, si ulituambia umeendesha basi maisha yako yote?"

"Babu, tuokoe!" bibi harusi akapiga makofi.

Mama Cherehani aliijua barabara ya kushuka mlima. Aliiona jana kutoka angani, kona juu ya kona, imening'inia ubavuni mwa mlima kama uzi uliochomoka kwenye pindo. Tena ilikuwa Jumapili, watu na mifugo wamejaa njiani.

Bwana Mbao alikwenda mbio na kurudi na ufunguo wa gari. Babu Honi akaupokea. Mgongo wake ukanyooka, uso ukang'aa. Watu walimhitaji. Bwana harusi tayari alikuwa anapandisha mabegi.

Ulimi wa mama yule ukawa mzito kama pasi ya mkaa. Akisema, atamvua mumewe nguo mbele ya wageni. Asiposema, atakuwa amewapeleka watu hawa kaburini, na kesho watoto. Akainuka kutoka kwenye kiti. Akaenda kusimama kando ya mumewe, kushoto, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua, asiseme neno.

Babu Honi akafungua mlango wa gari. Akatazama mbele. Akatazama kivulini, kwenye kile kiti kitupu.

"Mke wangu yuko wapi?" akauliza kwa sauti. "Jamani, mke wangu yuko wapi? Siondoki bila yeye."

Bibi harusi akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka.

"Niko hapa," mkewe akasema taratibu, karibu na kiwiko chake.

Mzee aliruka. Akageuza shingo yote, akamwona, akamtazama kwa muda mrefu. Akaufunga mlango wa gari. Halafu akamtafuta rubani kwa macho mpaka akampata.

"Hata mimi leo sifai," akasema.

"Mzee, nawe umeshikwa na mafua?" Bwana Mbao akauliza.

"Ni macho. Pembeni sioni. Mke wangu alikuwa kando yangu hapa, nami namtafuta."

Bwana harusi akaanza kushusha mabegi polepole, bila kuambiwa. Bwana Mbao alipokea ufunguo, akasimama nao kama mtu aliyeshika kitu cha moto. "Kumbe ile peremende," akasema. "Nami nikasema unaringa." Akatoa kopo mfukoni, safari hii akalishika mbele kabisa ya uso wa mzee. "Chukua, kaka. Chukua nyingi." Kisha akamgeukia rubani. "Na wewe, binti yangu. Niliyosema, sikuyapima."

Rubani akampa Babu Honi simu yake. Mzee alimpigia mwalimu mkuu, akasimama wima kana kwamba yuko ofisini kwake.

"Tafuta dereva mwingine, mwalimu. Hapana, si kesho tu. Ila mwambie, yule mdogo wa geti la bluu hutoka mbio bila kuangalia. Asimame kabisa kwanza. Na apige honi, moja ndefu, mbili fupi. Wameizoea."

Akarudisha simu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa basi, akauweka kwenye kiganja cha mkewe na kumfumba vidole.

"Mara ya kwanza nilipokataa kuruka," rubani akamwambia, "nilijifungia chooni nikalia."

"Na mara ya pili?"

"Nililia nje."

Babu Honi akacheka kwa pua, akaketi kwenye benchi, mabega chini. Mama Cherehani aliinua kile kiti alichopewa, akakibeba mpaka mbele ya mumewe, akakaa wakitazamana.

"Unanizibia mlima," mzee akasema.

"Mlima utauona kesho. Leo nitazame mimi."