Kiganja cha Sikio

Binti wa Sikio hakutulia. Alichomelea waya, akaung'oa, akauchomelea tena palepale. Mezani kulikuwa na kihisi cha joto, kihisi cha mtikisiko, taa mbili, na kisanduku cha sabuni cha kuvitia vyote. Alikuwa fundi redio, na siku hiyo hata kiti kilimwasha.

Baba yake na spana yake, wote wawili waliitwa Sikio. Kwa miaka mingi aliigusisha spana kwenye mashine ya kusaga, ncha ya pili akaitia sikioni, akataja beringi iliyochoka. Sasa mkwaruzo mdogo wa beringi hakuusikia tena, na aliyejua ni bintiye tu. Mwenye mashine alishaapa: beringi moja zaidi ikipasuka, Sikio ashike njia.

Basi kifaa kile cha kwenye kisanduku kingemsikilizia. Jumatatu binti alikifunga kwenye mashine, akapima inavyotikisika na inavyopata moto siku ya kawaida, akaweka alama. Ikizidi hapo, taa nyekundu iwake.

Alhamisi asubuhi mashine iliunguruma, wateja wamepanga ndoo zao, taa ya kijani inawaka. Sikio aliweka kiganja juu ya chuma, akakiondoa, akakirudisha. Bintiye akawa roho juu. Aliuliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, arudi dukani kwake. Nani arudi? Alizunguka mashine mara tatu, kisha akamshika baba mkono.

“Baba, sema.”

“Inatetemeka tangu wiki iliyopita. Nilidhani ni mkono wangu. Uzee.”

Kumbe Jumatatu binti alipima ugonjwa, akauita afya. Alirukia swichi, akazima. Wateja walinung'unika, akawapa mgongo. Walipofungua, gololi za beringi zilikuwa zimelika na grisi imeungua, nyeusi tii. Isingefika jioni.

Adhuhuri beringi mpya ilikuwa ndani na mashine inazunguka. Binti alifuta vipimo vyote vya Jumatatu, akaweka kidole kwenye kitufe, akasubiri. Sikio alilaza kiganja juu ya chuma, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka wateja wakaanza kukohoa.

“Hivi ndivyo inavyotakiwa,” alisema. “Pima sasa.”