Hofu Yao Iko Mlangoni

Tursun alipohamia chumba kilichopakana na changu pale mtaa wa Mbotela, watu wakamwita Mchina. Mimi nimelala nchi nyingi, na ingawa shule nilisoma kwa vipande, darasa huku, darasa kule, nilijua si Mchina. Alikuwa Muuiguri, mtu wa Kashgar, mji ulio ndani ya mpaka wa China lakini wenye lugha yake. Aliikimbia serikali ya kwao, akapita Pakistani, akapita Maka, akaishia Nairobi bila karatasi yoyote.

Nyuma ya nyumba alijenga tanuri kwa pipa na udongo, akawa anaoka mikate ya duara. Kimeu, mchonga vinyago, alimchongea muhuri wa mti wenye misumari wa kutoboa mkate katikati. Jioni tuliketi hapo kwenye joto, tukizipima lugha zetu. Dunia, kwake dunya. Wakati, waqit. Kalamu, qelem. Maneno ya Waarabu hayo, yamesafiri kuliko mimi. Kaka yeye aliita aka, na mimi nikawa Mbithi aka.

Ila namna ya kupakia mzigo kwenye neno ilikuwa tofauti kabisa. Mimi nikisema sikuja, "ja" iko mwisho, mizigo yote imetangulia. Yeye anaanza na kel, ambayo ndiyo "ja", halafu anafungia mabehewa nyuma: kelmidim.

"Aka, treni yenu injini iko nyuma!" alinicheka.

"Inasukuma, na inafika. Ya kwenu inavuta kama punda."

Siku moja nikamuuliza neno hofu. Akasema lipo, khewp. Nikajigusa kifuani kumwonyesha hofu inakaa wapi. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole mlangoni. Kwao khewp ni ile hatari yenyewe, iliyosimama nje inakungoja.

Nilikuja kumwelewa Agosti ya themanini na mbili. Mapinduzi yalikuwa yameshindwa, na askari wakaingia mitaani nyumba kwa nyumba, wakitafuta mali ya wizi na wanajeshi waliotoroka. Asiye na kipande, yaani kitambulisho, alipandishwa lori.

"Wakinirudisha kwetu, aka, mimi kwisha," Tursun aliniambia. Hakuwa anatania.

Basi tukapanga. Atakuwa Mbajuni wa Lamu, kipande chake kimepotea kwenye vurugu. Nilimfunza kujibu kwa ufupi, akiegemea yale maneno ambayo kinywa chake kilizaliwa nayo, saa, hatari, chai, kwa sababu mtu akiogopa, ulimi hukimbilia kwa mama yake.

Asubuhi Nthoki, jirani yetu, akaja mbio, leso mkononi. "Wazee! Wako kwa kina Owino, wanamwaga mpaka unga! Na nyinyi mmekaa hapo na maneno yenu ya majini?"

Hatukuwahi hata kusimama. Afande mmoja mrefu aliingia na askari wawili. Nje lori lilikuwa linanguruma.

"Kipande."

"Saa hii hakuna," Tursun akasema taratibu. "Hatari nyingi. Imepotea."

"Mtu wa wapi wewe?"

"Lamu, afande."

"Kazi?"

"Mkate. Chai. Hivyo tu."

Afande akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akageuka kutoka, nikaanza kupumua. Hapo askari mmoja akalipiga teke karai la mikate kuona kama kuna kitu chini yake. Mikate ikatawanyika sakafuni, na mmoja ukaingia chini ya buti la afande.

Kwao mkate haukanyagwi. Ukianguka unaokotwa, unabusiwa, unawekwa juu. Nilishaliona hilo mara nyingi na sikulifikiria kwenye mipango yetu. Tursun alipiga magoti, akashika kifundo cha mguu wa afande kwa mikono miwili, na Kiuiguri kikamtoka kama maji.

Bunduki zikainuka.

"Hiyo si lugha ya Lamu," afande akasema. "Mimi nimekaa Lamu. Nani hapa anaelewa anachosema?"

Nthoki akainamisha macho. Lori likanguruma. Kusema "mimi" ilikuwa ni kupanda naye.

"Mimi, afande," nikasema.

"Anasema nini?"

Katika yote aliyosema nilikuwa nimeshika haram, nimeshika dunya, basi. "Anasema mkate ni haramu kukanyagwa, dunia yote. Anakuomba mguu."

"Anaitwa nani?"

Uongo ulikuwa umeniishia. "Tursun. Kwao maana yake ni abaki. Hupewa mtoto ambaye waliomtangulia walikufa. Mimi nami ni Mbithi, fisi, kwa sababu hiyo hiyo, ili kifo kisinitamani."

Afande aliutazama mkate chini ya buti lake.

"Kwetu mtoto huyo huitwa Makokha," akasema. "Ndugu yangu mkubwa ni Makokha."

Akainua buti. Tursun akauokota mkate, akaubusu.

"Hapa sijaona kitu," afande akawaambia wenzake. Mlangoni akanigeukia. "Mzee, kesho ni zamu ya wengine. Hao hawana ndugu."

Kabla ya saa ya kafyu Kimeu alimpakia Tursun kwenye pikapu, katikati ya twiga wa mti, wakashika njia ya Wamunyu kwa wachongaji wenzake. Ule mkate Tursun alikuwa ameuweka juu ya ukuta, ndege waule. Muhuri aliniachia.

Kesho yake wengine wakaja kweli. Wakauliza tanuri ni la nani.

"Langu," nikasema, muhuri ukiwa mkononi, mimi ambaye sijapata kuoka hata andazi.

Waliondoka. Kimeu aliporudi akaniambia mtu wetu amefika, na ameshaomba pipa. Lakini tangu siku ile, mlango ukibishwa, siitafuti tena hofu kifuani. Nautazama mlango.