Mafuta ya Nani

Sidonie alipomwona mdogo wake akiingia uani amejifunika kitenge usoni, na jua lile la mchana, alijua kuna jambo. Aliacha nguo kwenye beseni, akamfunua. Shavu la kulia la Chérie lilikuwa limevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa, na jicho la upande ule limebaki mwanya tu.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna muntu amenipiga. Ni sindano."

Maneno yakatoka kidogo kidogo. Homa ya matumbo ilikuwa imemkondesha Chérie uso, mashavu yakazama, na mtaa mzima wa Kilibula ukaanza kunong'ona kuwa ana ukimwi. Hata akina mama wa kwaya walimsalimia kwa sauti za msibani. Ndipo akasikia habari za Thaddée, aliyejiita dokta na kufanyia kazi chumba cha nyuma cha saluni moja mjini. Thaddée alimweleza kwamba mafuta hutolewa pajani, yakasafishwa, yakadungwa mashavuni, na uso ukarudi kama zamani.

"Na weye, alikutoa mafuta pajani?"

Chérie alitazama chini. "Hapana. Alisema iko nayo tayari, mu chupa."

"Mafuta ya nani?"

Chérie hakuwa ameuliza.

Hospitalini, daktari Havyarimana alipasua jipu lililokuwa shavuni. Pamoja na usaha kikatoka kitu kizito, chenye kunata, ambacho hata daktari mwenyewe hakukitambua.

"Mafuta ya kweli yanatoka kwako mwenyewe," aliwaambia huku akifunga jeraha. "Si ya mtu mwingine, si ya chupa. Yanatolewa na daktari aliyesomea kazi hiyo, mahali pa upasuaji, na sehemu yake huyeyuka baada ya miezi. Na hata kwa mkono mzuri, yakiingia kwenye mshipa wa damu yanaweza kumpofusha mtu. Huyu amedunga karibu na jicho. Mshukuruni Mungu."

Sidonie hakuwa na shukrani yoyote kifuani. Alikuwa na hasira tu, na hasira hiyo haikumpa usingizi hadi Chérie alipoweza kusimama. Wakaenda saluni pamoja.

Thaddée alikuwa amevaa koti jeupe. Wanawake wawili walikuwa wakingoja zamu kwenye benchi.

"Mama, kila mwili iko na tabia yake," Thaddée alisema kwa upole alipoiona bandeji ya Chérie, kana kwamba anamtuliza mtoto.

"Usiniite mama. Nionyeshe ile chupa."

"Hiyo ni siri ya kazi."

Kabla Sidonie hajajibu, Chérie alibandua bandeji. Shavu lilikuwa na shimo, na kingo zake bado mbichi. Aliwageukia wale wawili kwenye benchi.

"Mumuulize alisomea wapi. Mumuulize nini iko mu sindano, na mukipofuka atawapeleka wapi. Miye sikuuliza."

Mmoja, msichana aliyekuwa anajiandaa kwa harusi, aliinuka akatoka bila kuaga. Wa pili alibaki. Alimtazama Chérie juu hadi chini, akasema, "Pengine damu yako ndiyo mbaya. Tumesikia."

Hapo Sidonie alipandwa na hasira. Alimsukuma Thaddée, akaingia chumba cha nyuma, akaikuta chupa dirishani, haina jina wala karatasi, imefungwa kwa kipande cha plastiki. Akaichukua. Alipoipeleka polisi, afisa aliigeuza mkononi, akacheka.

"Nyinyi wanawake na urembo wenu. Si alijipeleka mwenyewe?"

"Alijipeleka kwa muntu aliyesema ni dokta," Sidonie alimjibu. "Kama uongo wake unakuchekesha, mupeleke bibi yako."

Afisa aliacha kucheka, lakini hakuandika kitu. Baada ya siku chache chumba cha saluni kilikutwa kitupu, na watu wakasema Thaddée ameonekana Luberizi, na koti lake lile lile.

Jumapili dada hao wawili walipanda gari la kwenda Luberizi. Kanisani huko, wakati wa matangazo, Chérie aliomba nafasi, akasimama mbele akiwa hajajifunika. Alieleza yote: chupa, sindano, daktari alivyosema. Hakuna aliyenong'ona.

Sidonie alikuwa kwenye benchi la nyuma la kanisa, ngumi zimefumbwa mapajani, akikagua uso wa kila mwanaume aliyeingia mlangoni.