Friji ya Upande wa Mzee

Fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akijitapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kuuziwa kitu kibovu. Jicho langu, alikuwa akisema, likikitazama kitu, kitu chenyewe kinaona haya na kutaja kasoro zake. Ukiacha ile pasi iliyokufa siku ya pili, aliongeza mwenyewe kabla hujamwuliza. Na ile redio iliyokuwa inashika stesheni moja tu, tena ya lugha asiyoielewa. Na marehemu mume wake, ambaye alimchukua bila kumsikiliza kwanza akiwa amelala.

Mume huyo alikuwa dereva wa malori, na wenzake walimwita Jenereta. Watu wa nje walidhani ni kwa ajili ya nguvu zake. Mkewe alijua zaidi. Mwanamume yule akigusa mto tu, kazi inaanza: kwanza mvumo mdogo kama wa kupasha moto, kisha ngurumo kamili, ya kutikisa glasi ya maji juu ya stuli. Halafu ghafla, kimya. Kimya kinakaa, kinakaa, mpaka mkewe anajiinua kwa kiwiko kuangalia kama mtu bado yupo, na hapo hapo mume anashtuka, brrr, safari inaendelea. Ukimwamsha hakubali kosa. "Sijalala," anasema, macho bado kayafumba. "Nilikuwa nafikiri."

Mkewe alimsema kwa hilo maisha yao yote. Alimsema kwa wateja huku pini zimejaa mdomoni. Alimsema kwa mawifi. Alimsema hata kwenye harusi ya binti yao, mbele ya wakwe, kipaza sauti mkononi, kwamba msichana mwenye akili haulizi mwanamume ana nini, anauliza usiku wake ukoje. Alilala na pamba masikioni, na mara kwa mara alimtishia: "Siku moja nitalala usingizi wa malkia, wewe ngoja tu."

Siku yenyewe ikaja. Jenereta akazimika taratibu, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Mjane akarudi nyumbani kwenye kitanda kizima na kimya kizima, akalala chali akitazama dari. Usingizi wa malkia haukuja. Hata wa mfagizi wa malkia haukuja.

Usilione jambo dogo hili. Asiyelala usiku atalala mchana, na fundi akisinzia mchana, pasi inabaki pale ilipo. Aliunguza gauni la bibi harusi katikati ya mgongo, alama ikatokea safi kama muhuri wa serikali. Akasinzia chai ikiwa jikoni mpaka sufuria ikatoboka. Ndipo binti yake wa pekee, ambaye ni nesi na kwa hiyo hadanganyiki na macho mekundu, akaja akakaa mbele yake na kumshika magoti.

"Mama, ukiunguza kitu kingine, unahamia kwangu. Chumba kipo."

"Na cherehani yangu?"

"Kwangu haina pa kukaa. Tutaitafutia mtu wa kuinunua."

"Kwa hiyo mimi chumbani, cherehani sokoni."

"Mama, siku moja nitapigiwa simu niambiwe nyumba imeungua na wewe umo ndani. Sitaki simu hiyo."

Maneno ya mapenzi hayana mahali pa kushikia ukayarudisha. Lakini fundi alipobaki peke yake aliitazama cherehani chini ya dirisha, na vipande vya chaki kwenye kopo, na viraka vilivyosubiri, akajua kwamba akiondolewa hapo atakuwa mgeni mpaka siku ya kuondoka duniani. Ilibidi alale. Tena alijua kinachomnyima usingizi. Kukitaja ndiko kulikomshinda. Aseme nini? Kwamba zile kelele alizozisema mbele ya kipaza sauti, sasa bila hizo jicho halifungi? Bora aseme anaumwa mgongo. Akasema anaumwa mgongo.

Ikatokea akaenda kumpima mteja mmoja nyumbani kwake, mama mwenye pesa na viti vya kumeza mtu. Akaambiwa asubiri kidogo. Kando ya kiti palikuwa na kijikabati chenye mlango wa kioo, kifupi kama stuli, chupa zimelazwa ndani kama vichanga wodini. Kijikabati kikaguna. Kikatetemeka kidogo, kikaanza kunguruma. Fundi akageuza shingo amtazame, maana alidhani kuna mtu.

Alichokumbuka baada ya hapo ni mteja akimtikisa bega, na jua limeshahama dirisha.

"Ni nini hiki?" aliuliza, akijifuta mate kidevuni kwa heshima zote.

"Friji ya mvinyo, mama. Samahani kwa kelele zake. Ni ya mume wangu, anaipenda kuliko mimi."

Alimpima mteja, na jioni hiyo akampigia binti yake.

"Nataka kununua friji ya mvinyo."

"Mama, wewe hunywi mvinyo."

"Nani kasema ninywe? Ni zile chupa za baba yako." Na kweli chupa zilikuwepo. Kila mwisho wa mwaka tajiri mwenye malori alikuwa akimpa mumewe moja, naye akaziviringisha kwenye soksi na kuzificha kabatini kusubiri siku kubwa, na siku kubwa ikachelewa. "Joto linaziharibu. Kazitunza marehemu, halafu mimi niziache zigeuke siki?"

Binti huyu ukimtajia baba yake, hata mwezi atakuletea. "Jumamosi sina zamu," alisema. "Ila tutafute ya bei nafuu. Na isiwe takataka."

Jumamosi wakaingia dukani, binti na mkoba wake, mama na tepu ya kupimia shingoni. Alishapima nafasi nyumbani. Muuzaji alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye shati lililobana tumboni. Fundi alitamani kumtanulia mshono.

"Hii hapa, mama, haina kompresa," muuzaji alianza. "Haisikiki kabisa. Unaweza kulala nayo chumbani usijue ipo."

"Basi ya nini?" likamponyoka.

"Samahani?"

"Nasema, kitu kisichosikika utajuaje kama kinafanya kazi au kimekata roho? Unakuja kushtuka mvinyo umechemka."

"Hapo una neno," muuzaji alikubali. "Hizi nyumba ikiwa na joto zinahangaika. Zinataka chumba chenye ubaridi tayari. Yenye kompresa inastahimili zaidi, na inadumu."

"Umesikia?" fundi alimwambia binti, kama vile ndiye aliyesema.

Wakaonyeshwa kubwa yenye vyumba viwili, kimoja cha mvinyo mwekundu na kimoja cha mweupe. "Mimi mwenyewe nyumba nzima nina chumba kimoja cha kulala," fundi alisema, "chupa ndiyo ipewe viwili?" Wakaonyeshwa ya bei ya chini mno. Binti akatoa risiti ya zamani kwenye mkoba, akaibana mlangoni, akaivuta. Ikatoka kirahisi kama ulimi wa mtoto mtundu. "Mpira wa mlango umelegea," alisema. "Baridi itatoka, na umeme utaliwa usiku na mchana." Fundi alimtazama mwanawe kwa fahari, halafu akainama na kutega sikio kwenye friji iliyofuata.

"Mama, unafanya nini?"

"Naisikiliza. Mashine naijua kwa sauti."

"Umeinamia zote. Watu wanatuangalia."

"Waache wajifunze."

Akazunguka duka zima hivyo, sikio hapa, sikio pale. Hii inazomea. Ile inalia kama mbu. Nyingine inanong'ona kama jirani anayekusengenya. Hakuna iliyokuwa na kifua. Akaanza kuchoka, na kwenye uchovu akaiona moja kwenye kona.

"Ile mbona mmeigeuza uso ukutani kama imepewa adhabu?"

Muuzaji akajikuna shingo. "Hiyo nikikuuzia nitakuwa nimekuonea, mama. Wateja wawili wameirudisha."

"Ina ubovu gani?" binti aliuliza.

"Ubovu haina. Kompresa nzima, baridi inashika, vipuri vipo, waranti ya mwaka naandika mwenyewe. Lakini inanguruma. Mteja wa mwisho alisema mkewe kahamia sebuleni."

"Chomeka," alisema fundi.

Ikachomekwa. Kwanza ikaja na mvumo mdogo, wa kupasha moto. Kisha ikapanda, ikajaa, ikatulia kwenye ngurumo nene ya chini, na birika lililokuwa rafu ya juu likaanza kugongagonga kifuniko chake. Fundi hakusogea. Wakasimama hivyo kwa muda, binti akiuliza habari za umeme ukiyumba na muuzaji akimweleza kifaa cha kuikinga, mpaka ghafla friji ikanyamaza.

Kimya kikakaa.

"Imekufa?" binti aliuliza.

"Ngoja," mama alisema, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa rafu kwa nguvu. "Ngoja kidogo."

Kimya kikaendelea kukaa. Kisha friji ikashtuka, brrr, safari ikaendelea. Fundi akageuka haraka kutazama feni za mezani, ambazo hakuwa na shida nazo.

"Mama, unalia?"

"Bei inaniliza."

"Bei hujatajiwa bado."

"Basi nimeanza mapema."

Bei ilipotajwa ilikuwa nusu ya zile nyingine. Binti akabana risiti yake mlangoni, akavuta, ikang'ang'ania. Akafungua, akafunga, akakagua nyuma, hakuona cha kukataa ila kimoja. "Kelele hizi, mama. Wewe mwenyewe hulali. Utaiweka wapi?"

"Sebuleni, wapi kwingine?" fundi alisema, huku akiipima ubavu kwa tepu. Ilikuwa inaingia barabara kwenye nafasi aliyoipima, kati ya kitanda na ukuta.

Binti akabanwa na zamu moja baada ya nyingine. Kwenye simu aliisikia sauti ya mama yake inanyooka, ikirudisha utani wake, lakini sauti ya simu si kitu cha kukitegemea, kwa hiyo mchana mmoja, ametoka kazini asubuhi na hajapiga hata usingizi wa kuku, akatokea bila taarifa. Alimkuta mama yake kwenye cherehani, macho meupe, gauni la bibi harusi mpya limetundikwa dirishani bila alama hata moja. Akafurahi. Akatoa mfuko kwenye mkoba.

"Nimekuletea mipira ya kuweka chini ya miguu ya friji. Itapunguza ile kelele."

"Haina kelele!" mama alisema, upesi mno.

Binti akatazama sebule. Kiti, meza, cherehani, gauni. "Friji yenyewe iko wapi?"

"Imepelekwa kwa fundi."

Kutoka chumbani kukasikika, brrr.

"Na hiyo?"

"Jirani anasaga."

"Mama, upande huo hakuna jirani."

Akaenda chumbani, mama nyuma yake akieleza mambo ya mashine za siku hizi. Friji ilikuwa upande wa ukutani, upande wa baba, imesogezwa mpaka usawa wa mto. Juu yake palikuwa na kofia ya udereva, imepigwa brashi. Binti akafungua mlango. Taa ikamulika rafu tupu.

"Chupa ziko wapi?"

"Nimezinywa."

"Zote?"

"Kidogo kidogo."

Binti akafungua kabati. Zilikuwa pale pale, kwenye soksi zake, na vumbi lake halijaguswa. Alitaka kusema neno, lakini friji ikanyamaza, naye akageuka. Kimya kikakaa. Mama na mwana wakasimama wanakitazama kile kijikabati, wote wawili wamezuia pumzi, kama walivyokuwa wakifanya zamani, mmoja kitandani na mmoja sebuleni nyuma ya ukuta. Brrr.

Binti akakaa kitandani. "Ni baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Baba yako alikuwa na adabu zaidi. Huyu ukimsukuma hageuki."

"Si ungeniambia, mama."

"Nikuambie nini? Mtu nimemsema mpaka kwenye harusi yako, na kipaza sauti!"

Binti akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akaficha uso kwenye bega la mama yake, na mama akampapasa mgongo kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Baada ya muda akasikia sauti begani: "Unalala lakini?"

"Fofofo."

"Basi cherehani haiendi popote. Na wewe huendi popote." Akajifuta uso. Ile mipira ya miguu akairudisha kwenye mkoba, chini kabisa. "Niegemee dakika moja tu, mama. Halafu naondoka."

"Egemea. Nakuwekea chai."

Alipokuja na kikombe, alisimama mlangoni. Nesi alikuwa amelala upande wa baba yake, mdomo wazi, viatu miguuni, na alikuwa akinguruma. Friji ikipanda, naye anapanda. Mama mtu alikuwa hajawahi kumsikia hivi; kumbe mkwe wake alikuwa mwungwana kiasi hicho, miaka yote hakusema. Akamvua viatu, akamfunika shuka, akachukua gauni la bibi harusi akakaa pale pale kushona upindo, kwa kuwa hakuona sababu ya kukaa sebuleni peke yake.

Jua lilipokuwa linashuka, friji ikanyamaza, na binti naye akanyamaza. Mama akajiinua kidogo kumwangalia. Binti akashtuka, brrr, akafumbua jicho moja, akaona mama yake anatabasamu na sindano mkononi.

"Sijalala, mama," alisema, na ua zima la darizi ya mto, na majani yake yote, limejichora shavuni mwake. "Nilikuwa nafikiri."