Dereva Hakufunga

...minyororo, sasa ni minyororo, jamani minyororo ya wapi tena, daktari wa meno ana vidole viwili ndani ya mdomo wangu na anamsimulia nesi tamthilia ya jana, mimi nimeachama kama kiboko, nusu ya uso ganzi, pamba shavuni, bomba la mate linakoroma chini ya ulimi, siwezi hata kusema hapana, "Yaani dada, wamemfunga yule mtoto minyororo mpaka nikalia," na nesi, "Halafu ujue ni kisa cha kweli," ndiyo, ni cha kweli, mtoto mwenyewe ni mimi hapa mwenye gego bovu, nilikuwa na miaka tisa, nikatekwa mchana kweupe kutoka ndani ya gari la baba, siku kumi na moja nchi nzima inanitafuta, na tangu nirudi hawaniachi nikapumua, kikaja kitabu, kikanitia shimoni, ukaja mchezo wa redio, nikalala na popo pangoni, filamu ikanigeuza msichana, msichana! na kila mmoja lazima anisokomeze kitambaa mdomoni, wakati hakuna aliyeniziba mdomo, kilikuwa chumba tu, kinanuka rangi mbichi, chai na mkate asubuhi na jioni, na yule mwanamke aliyeniteka akinifundisha karata huku akiniibia waziwazi, hayo hawaandiki, hayo hayauzi... "Fungua zaidi, mzee wangu, hapo hapo," nafungua, nitafungua mpaka lini, mashine inalia, maji yananirukia puani, "Mimi ninayemchukia ni dereva," anasema nesi, haya, tumefika, kila mara lazima tufike kwa dereva, "Nyoka yule! Anamchekea mtoto, anamwita Bosi Mdogo, kumbe kashamuuza," "Lakini si ndivyo ilivyokuwa kweli? Aliacha mlango wazi makusudi," na barua iko hapa hapa mfukoni mwa shati, naisikia kila ninapovuta pumzi, barua ya tatu, ya binti yake dereva, mwalimu, mwandiko wa ubaoni, *baba yangu hataki fidia, amezeeka, haoni vizuri, anakuomba useme jambo moja tu, mlango ulifungwa au haukufungwa*, na mbili za kwanza nilizijibu kistaarabu kabisa, sikumbuki, nilikuwa mtoto, waulize hao waandishi wanaojua kila kitu.

Waandishi hawana haya, wanajiokotea tu, dereva nyoka wamemtoa wapi, kwenye kitabu, na kitabu kimemtoa kwenye gazeti, na gazeti kwa polisi, na polisi... "Mate, dada, nyonya mate hapo," ...na polisi walimtoa sebuleni kwetu, baba amesimama hajavua hata koti, mama kanikumbatia mpaka mbavu zinauma, siku kumi na moja sikulia, nikaja kulia pale, kwa sababu baba hakuuliza umekula nini, hakuuliza kama walinipiga, aliuliza, "Nani alifungua mlango wa gari?" kwa sauti ile ile ya nani kavunja kioo, na mimi nikasema, "Dereva hakufunga," basi, maneno mawili, nikapelekwa kuoga... na alifunga, Mungu wangu, alifunga, alikuwa ameagizwa gazeti la baba, akalizunguka gari zima akitikisa vitasa kimoja kimoja, akanigongea kioo, "Bosi Mdogo, usimfungulie mtu, hata akiwa malaika," akavuka barabara, na yule mwanamke akaja na boksi, ndani ya boksi paka mdogo, mweupe, sikio moja jeusi, nikavuta loki juu kwa mkono wangu mwenyewe, paka tu, hakuna aliyewahi kumwandika yule paka, hakuna anayemjua ila mimi, na dereva akakaa ndani miaka miwili, wakamtoa bila kesi, akaishia kuosha magari ya watu asiyoruhusiwa hata kuyawasha, na mimi miaka arobaini na mbili nawafokea watu, waongo, watungaji, shimo la wapi, popo wa wapi, wakati aliyeitunga hadithi hii kwanza ni mimi, hao wengine wote wameninakili, "Mimi ningekuwa huyo mtoto," anasema daktari, "ningemtafuta yule dereva nimtemee mate usoni," na hapo nasema, nasema kwa sauti, alifunga, nilifungua mimi, lakini kinachotoka ni aaa-o-aaa na povu, "Inauma, mzee?" natikisa kichwa, haiumi, upande huu hausikii kitu, nasema tena, alifunga, "Aaa, mzee wangu, usiongee, utajikata ulimi," mkono wangu uko juu ya mfuko wa shati, namba ya simu iko chini kabisa ya barua, nimeisoma mara nyingi nimeishika kichwani, na nesi ananifuta jicho kwa pembe ya karatasi, "Pole baba, vumilia, ganzi ikiisha utaongea mpaka uchoke," na daktari anaingiza tena vidole, "Fungua," nafungua.